Kasongo na Kabambare: mzazi aambiwe ukweli kabla ya kuandikisha mtoto

Tarehe 2 Julai ni siku inayojulikana katika kila familia ya Kongo yenye mtoto shuleni. Ni siku ya kutangaza matokeo. Aliyepita anarudi nyumbani akikimbia na buletini mkononi, na aliyeanguka anapitia kwanza kwa shangazi yake, angojee hasira ya baba ipungue. Kusini mwa Maniema furaha ya siku hiyo haidumu. Kesho yake swali linaingia nyumbani na kukaa kama mgeni asiye na haraka: mwezi wa 9 mtoto ataandikishwa wapi, na kwa pesa gani?

Miezi ya Julai na Agosti ndiyo msimu wa kutafuta nafasi. Wazazi wa Kasongo wanazunguka kutoka shule moja hadi nyingine, wanauliza bei, wanauliza jina la prefe, wanauliza ni wangapi walipata diploma katika Exetat ya mwisho. Wazazi wa Kabambare wanauliza maswali hayohayo wakiongeza moja ambalo mzazi wa Kindu haulizi kila mara: je, shule hiyo itakuwa bado imefunguliwa mwezi wa 12? Wote wanajibiwa na watu wenye faida katika jibu. Mkuu wa shule anataka darasa lijae. Jirani anasifu shule aliyosoma yeye miaka 20 iliyopita. Ofisi ya elimu, ambayo ndiyo yenye orodha za kweli, mara nyingi haisemi kitu mpaka mtu aende kuuliza, na si kila mtu anajua kwamba ana haki ya kuuliza.

Hapo ndipo penye kasoro. Kwenye karatasi mzazi wa kusini mwa Maniema ana uchaguzi mpana: shule za serikali zisizo za dini, shule za mapatano za Wakatoliki, Waprotestanti, Wakimbangu na Waislamu, na shule za watu binafsi. Lakini kuchagua bila habari ni sawa na kununua mchele usiku sokoni bila taa.

Habari ya kwanza anayokosa ni hii: shule hiyo imemekanizwa au la? Maana ya neno hilo walimu wote wanaijua, wazazi wengi hawaijui. Shule iliyomekanizwa ni ile iliyoingizwa katika orodha ya malipo ya serikali, na walimu wake, angalau baadhi yao, wanapata mshahara kutoka Kinshasa. Isiyomekanizwa inaweza kuwa na ruhusa, ubao mzuri mlangoni na bendera uwanjani, lakini mwalimu wake halipwi na mtu yeyote isipokuwa mzazi. Hata ndani ya shule iliyomekanizwa kuna walimu wanaoitwa NU, yaani wapya ambao wanafundisha bila kuingia bado katika orodha ya mishahara. Wengine wanangoja miaka na miaka. Kati ya walimu 6 wa shule ya msingi, ikiwa 3 hawalipwi, direkta atatafuta namna ya kuwapa kitu, na namna hiyo itapita katika mfuko wa mama anayeuza mihogo.

Kwa hiyo mzazi anaposikia redioni kwamba shule ya msingi ni bure, kisha anafika shuleni na kuombwa pesa za chaki, za ulinzi, za ukarabati, za "kumsaidia mwalimu", anaamini kwamba mmoja kati ya wawili anamdanganya. Ukweli ni mchungu zaidi. Katiba ya tarehe 18 Februari 2006, kipengele cha 43, inasema wazi kwamba elimu ya msingi ni ya lazima na ni ya bure katika shule za umma. Ahadi hiyo ililala karatasini miaka 13, mpaka Septemba 2019 serikali ya Rais Félix Tshisekedi ilipoanza kuitekeleza. Shule za mapatano za dini ni shule za umma vilevile, nazo zimo ndani ya sheria hiyo. Direkta anayedai pesa kwa mtoto wa darasa la 3 anavunja sheria. Na serikali inayompa darasa lililojaa na mwalimu asiye na mshahara ndiyo iliyomweka mahali pa kuivunja.

Wazee wanakumbuka jambo hili lilianzia wapi. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, serikali ya Mobutu iliposhindwa kulipa walimu, wazazi walikubali kutoa kitu kidogo ili shule zisifungwe. Kiliitwa prime, tena kilisemwa kuwa cha muda. Cha muda hicho kilidumu karibu miaka 30, kizazi kizima kilisoma kwa jasho la wazazi, na tabia ya miaka 30 haiondoki kwa tangazo moja kutoka Kinshasa.

Halafu kuna karatasi. Kwa mtoto anayeingia darasa la kwanza inaombwa hati ya kuzaliwa. Sheria ya Kongo inampa mzazi siku 90 baada ya mtoto kuzaliwa ili amwandikishe kwa ofisa wa serikali bila kulipa. Muda huo ukipita, inabidi kupitia mahakamani kupata hukumu ya kuchukua nafasi ya hati. Kwa mtu wa Kindu hiyo ni safari ya asubuhi moja. Kwa mama aliyejifungulia kijijini ndani ya Kabambare, au porini akikimbia risasi, ni siku za njiani, ni nauli ya pikipiki, ni karatasi ya kulipia pale ambapo ilipaswa kuwa bure. Mkuu wa shule anayemrudisha mtoto wa miaka 6 nyumbani kwa sababu ya hati hiyo anamwadhibu mtoto kwa kosa la watu wakubwa. Shule nyingi zinawapokea watoto bila hati na kuwaambia wazazi wailete baadaye. Hizo zinafanya vizuri, na ofisi ya elimu ingepaswa kuliandika jambo hilo kuwa agizo kwa wote, lisibaki huruma ya direkta mmoja mmoja. Tena mwezi wa 9, wakati watoto wote wako mahali pamoja, ndio wakati wa kumleta ofisa wa hali ya raia shuleni na daftari lake.

Karatasi nyingine inaumiza zaidi, na inazungumziwa kidogo sana: buletini inayozuiliwa. Mtoto alisoma mwaka mzima, akafaulu, lakini wazazi wake wamebaki na deni. Shule inakataa kutoa buletini. Bila buletini, shule nyingine haiwezi kumwandikisha katika darasa linalofuata. Mzazi aliyetaka kumhamisha mtoto kwa sababu ameshindwa bei anafungwa kwa bei hiyohiyo. Wengine wanamrudisha mtoto darasa alilokwisha kulipita, katika shule ya bei nafuu, na mtoto mwenye akili anapoteza mwaka akirudia masomo anayoyajua. Wengine wanamwacha nyumbani. Shule ina haki ya kudai pesa zake, hilo halibishaniwi, lakini deni ni la baba na alama ni za mtoto. Njia za kudai deni kwa mtu mzima zipo: kuandikiana mkataba wa kulipa kidogo kidogo mbele ya kamati ya wazazi, au kwenda kwa mkubwa wa kijiji. Kuishika buletini ni kumshika mtoto rehani.

Mlima wenyewe unaanza baada ya darasa la 6. Sheria ya elimu ya mwaka 2014 imeweka elimu ya msingi kuwa miaka 8, yaani miaka 6 ya shule ya msingi na miaka 2 inayofuata, ile ya 7 na ya 8. Mzazi angefikiri basi kwamba bure inafika mpaka mwaka wa 8. Bado haijafika. Mtoto akivuka ENAFEP na kuingia mwaka wa 7, minervali inaanza, na bei zake zinatokana na arete ambayo gavana wa jimbo anasaini kila mwaka. Arete hiyo ni hati ya watu wote. Lakini ni wazazi wangapi wa Wamaza au wa Kipaka waliowahi kuiona kwa macho? Mzazi anaijua bei kwa mdomo wa mkaguzi wa pesa wa shule tu, na akiongezewa hapo franka za hiki na za kile, hana kitu cha kulinganisha.

Na pesa hizo zinadaiwa wakati gani? Mwezi wa 9. Kusini mwa Maniema ni nchi ya mpunga. Mvua zinaporudi watu wako shambani, mbegu iko ardhini na ghala ni tupu. Mavuno yanakuja mwanzoni mwa mwaka mpya. Kalenda ya shule ilitengenezwa kwa ajili ya mtu anayepokea mshahara mwisho wa mwezi, nayo inamdai mkulima wakati hana hata debe la kuuza. Ndiyo maana watoto wengi wanafukuzwa darasani mwezi wa 10 na wa 11, kisha wanarudi mwezi wa 2 wakiwa wamepitwa na nusu ya masomo. Hakuna sheria inayokataza shule ya Kasongo kupanga awamu kubwa ya minervali ilipwe baada ya mavuno. Kuna wakuu wa shule wanaofanya hivyo kimyakimya kwa familia wanazozifahamu, na hata kupokea mpunga mahali pa pesa. Liwe jambo la wazi, lipitishwe katika kamati ya wazazi, liandikwe ukutani.

Kabambare ina mzigo wake peke yake. Wilaya hiyo imeishi miaka mingi na makundi yenye silaha, yakiwemo ya Mai-Mai Malaika, hasa upande wa Salamabila penye mgodi wa dhahabu wa Namoya. Kampuni ya Banro ilisimamisha kazi hapo mwaka 2019 kwa sababu ya usalama. Dhahabu haikusimama: vijana wanaendelea kuichimba kwa mikono, na kwa kijana wa miaka 14 shimo linatoa pesa leo, wakati shule inaahidi diploma baada ya miaka 4 na kazi baada ya haijulikani lini. Mzazi anayejaribu kumweka mtoto huyo darasani anashindana na soko. Na milio ya risasi ikisikika, walimu wanakimbia sawa na watu wengine, vijiji vinahama, madarasa yanageuka malazi ya wahamaji.

Ndiyo sababu familia nyingi za Kabambare zinafanya uchaguzi ambao hauko katika fomu yoyote: kumtuma mtoto Kasongo. Anapelekwa kwa baba mdogo, kwa mjomba, kwa rafiki wa familia, au anakodishiwa chumba pamoja na wenzake wawili watatu. Barabara ni mbaya na wakati wa mvua inakatika, basi mtoto akishafika anakaa mpaka likizo kubwa. Zamani wenye uwezo walifikiria Bukavu au Goma. Tangu miji hiyo ilipoingia mikononi mwa M23, Januari na Februari 2025, mlango huo umekuwa mgumu.

Mtoto wa kiume aliyekodishiwa chumba anajipikia na analala na njaa siku nyingine. Msichana anakutana na zaidi ya njaa. Anayemlipia chakula anataka kitu, anayemsindikiza usiku anataka kitu, na mimba ikija, ndiye anayeacha masomo. Wazazi wanajua hatari hiyo, ndiyo maana wengi wanamtuma kaka na kumbakiza dada nyumbani. Uamuzi huo hautoki katika kudharau masomo ya msichana. Unatoka katika woga, na woga wenyewe una sababu. Bweni moja la wasichana lenye uzio, mlinzi na mama wa kulea, liwe la parokia, la msikiti au la serikali, lingebadilisha hesabu ya familia nyingi kuliko mikutano kumi ya kuhamasisha.

Kasongo inabeba pia kumbukumbu ya zamani katika suala la shule. Huu ni mji wa Tippu Tip, mahali ambapo Kiswahili na Uislamu vilitia mizizi kabla ya jeshi la Léopold II kuuteka Aprili 1893. Baada ya hapo wakoloni wa Kibelgiji waliiacha elimu mikononi mwa misheni, na tangu miaka ya 1920 ruzuku ya koloni ilikwenda kwa misheni za Kikatoliki. Mzazi Mwislamu alikuwa na madrasa, au shule ya mapadri ambako aliogopa mtoto angetoka na jina jingine. Shule za serikali zisizo za dini kwa watoto Waafrika zilifunguliwa mwaka 1954, chini ya waziri Auguste Buisseret, miaka 6 tu kabla ya uhuru. Mobutu alizichukua shule zote mwaka 1974, akazirudisha katika uendeshaji wa makanisa kwa mapatano ya Februari 1977, na Waislamu nao wakapata mapatano yao baadaye.

Kuchelewa huko kuliacha alama. Hata leo mtu anaweza kusikia kwamba shule ya mapadri ndiyo "ya kweli", au kwamba mtoto wa Mwislamu akisoma huko atapotea. Yote mawili yamepitwa na wakati. Programu ya masomo ni moja, mtihani ni mmoja, Exetat haiulizi mtoto anasali wapi. Shule ya mapatano haina haki ya kumkataa mtoto kwa sababu ya dini yake, na familia nyingi za Kasongo, ambamo kaka ni Mwislamu na dada ameolewa na Mkatoliki, zimekwisha kulielewa hilo zamani. Kinachofaa kuangaliwa ni walimu kuwepo darasani, daftari za mtoto mwezi wa 2, na idadi ya waliofaulu mwaka uliopita.

Jambo moja zaidi linalopuuzwa ni opsio. Baada ya mwaka wa 8 mtoto anachagua njia ya miaka 4 ya humanités, na uchaguzi huo unafuata zaidi shule iliyo karibu kuliko kipaji chake. Pedagojia, sosiali na komersiali zinafunguliwa kirahisi kwa sababu zinaomba ubao na chaki tu. Fizikia na kemia zinaomba maabara, ufundi unaomba karakana, kilimo kinaomba shamba la mazoezi. Shamba Maniema halikosekani, lakini opsio ya kilimo bado inaonwa na wazazi kuwa adhabu ya walioshindwa. Nchi inayoishi kwa mpunga, mihogo na mawese inawasomesha watoto wake waikimbie ardhi. Hapo wazazi wenyewe wana sehemu yao ya lawama.

Vilevile kuna shule zinazofungua opsio bila arete ya waziri. Mwanafunzi anasoma miaka 4, analipa miaka 4, na akifika mtihanini anaambiwa lazima aandikishwe kwa jina la shule nyingine, kwa malipo mengine. Hakuna mzazi ambaye angeingia humo kama angeonyeshwa orodha mapema.

Orodha hizo zipo. Maniema 2, divisheni ya elimu yenye makao Kasongo, inazijua shule zilizomekanizwa na zisizomekanizwa, opsio zenye arete na zisizokuwa nayo. Kinachoombwa hakihitaji bajeti ya Kinshasa wala mradi wa wafadhili. Kabla ya tarehe 15 Agosti kila mwaka, orodha hiyo pamoja na arete ya gavana kuhusu bei zibandikwe kwenye ofisi ya elimu ya wilaya, ile watu wanaiita sous-division, na kwenye mlango wa kila shule. Zisomwe kwa Kiswahili katika redio za hapo, kwani mama asiyesoma Kifaransa ndiye anayelipa. Zitangazwe msikitini Ijumaa na parokiani Jumapili. Kamati za wazazi, COPA, ambazo katika shule nyingi zimegeuka muhuri wa prefe, zichaguliwe upya na wazazi wenyewe mwanzoni mwa mwaka, na hesabu za pesa zisomwe mbele yao.

Gavana na wabunge wa jimbo wanaotoka Kasongo na Kabambare watarudi kuomba kura. Wakati wa kuwauliza kuhusu walimu NU wa vijiji vyao, na kuhusu bweni la wasichana, ni sasa wakiwa bado ofisini, wakati majina ya walimu wanaongoja mishahara yanaweza kupelekwa Kinshasa yakiwa mikononi mwa mtu anayefunguliwa mlango. Masomo yanaanza wiki ya kwanza ya Septemba, na barabara ya Kabambare, mvua zikishaanza, haitamngoja mtoto ambaye bado anatafutiwa shule.